Farasi Sita Chini ya Soksi za Idwal

Kwa heshima na taadhima, na kwa mamlaka ambayo sijapewa na mtu yeyote, natangaza mbele ya kondoo wote wa bonde hili, mbele ya mvua iliyoanza Septemba na haijaona sababu ya kuacha, na mbele ya kila aliyewahi kufokewa kwa kuingia ndani na viatu vya matope, kwamba nyumba ya Hendre Wen ndiyo kazi kubwa kuliko zote zilizowahi kufanywa na mkono wa binadamu upande huu wa mlima. Na kwamba Alwena Bebb, mwenye umri wa miaka sabini na mmoja na jozi tatu za soksi kwa wakati mmoja, ndiye mlinzi wake, kuhani wake na mfagizi wake. Simameni. Vueni kofia. Asanteni, kaeni.

Mkiiona kutoka barabarani hamtaniamini. Mwaka 1974 ilipita ruzuku ya kuzipendezesha nyumba za zamani, na mzee Cadwgan, baba yake Selwyn fundi mwashi mtakayekutana naye, akaivika Hendre Wen koti la saruji lenye vikokoto, kuanzia ardhini hadi chini ya paa. Akamaliza, akahamia nyumba ya pili, ya tatu, mpaka bonde zima likavaa sare, kwa sababu hakuna aliyetaka jirani adhani kwake hakuna hela ya saruji. Mawe yaliyokuwa yakipumua kwa chokaa tangu enzi za mababu yakaanza kutoka jasho kwa ndani. Na nyumba ambayo watu wangesafiri siku mbili kuja kuishangaa ikabaki kufanana na posta ya mji mdogo. Watalii hupita wakapiga picha banda letu la nguruwe. Hendre Wen hawaigeuzii shingo.

Alwena alizaliwa humo, chumba cha juu ya stoo ya maziwa, na akaondoka mara moja tu maishani: majuma kumi na moja ya kufua mashuka hospitalini Liverpool, alipokuwa na miaka kumi na tisa. Alirudi na sanduku lile lile. Alipoulizwa kulikoni, alijibu, "Kuta za kule ni karatasi. Nilikuwa namsikia jirani akimeza chai." Huyo ni mtoto aliyelelewa ndani ya kuta ambazo unene wake unatosha kumlaza mtu mzima kwenye dirisha, na aliyezoea kwamba radi ikipiga nje, ndani hugeuka kuwa tetesi.

Akaolewa na Gethin, dereva wa lori la maziwa, mrefu kama nguzo ya simu. Mlango wa Hendre Wen ni wa watu wa zamani, na boriti iliyo juu yake ni ya mwaloni usiojua msamaha. Kwa miaka thelathini na moja Gethin aliigonga kwa paji la uso asubuhi akitoka na jioni akirudi.

"Inama, Gethin."

"Iiname yenyewe. Mimi ndiye ninayelipa kodi."

Sehemu ile ya boriti imelainika na kung'aa kwa mafuta yake ya nywele. Gethin alipofariki, Alwena aliipaka nyumba chokaa kwa ndani kama apakavyo kila mwaka kabla ya Pasaka, dari, kuta na boriti zote. Alipofika pale mlangoni, brashi ilipazunguka. Mpaka leo pana kipande cheusi, kipana kama kiganja, katikati ya weupe wote ule. Wageni hudhani alisahau.

Baada ya hapo alibaki na kaka yake, Idwal, mwenye kondoo mia mbili na sikio moja. La kushoto liliuawa na msumeno wa mota miaka kumi iliyopita. La kulia lilikuwa limeanza kufuata, polepole, kama mzee anayetoka kanisani. Na hapo ndipo penye kisa chetu, maana Idwal ndiye besi, sauti ya chini kabisa, ya Hendre Wen.

Kila Januari tunakuwa na ibada ya alfajiri. Hakuna kinanda, hakuna ratiba, hakuna wa kutangaza. Familia moja huinuka ilipokaa, ikaenda mbele, ikaimba wimbo wake wa Noeli, ikarudi. Kimya. Nyingine huinuka. Wimbo ulioimbwa haurudiwi, na kila familia hulinda wake kama bibi anavyolinda funguo za kabati. Wa Hendre Wen una beti kumi na nane, umo ndani ya daftari lililoandikwa na babu wa babu yao, na haumo mahali pengine popote duniani. Alwena huimba sauti ya kwanza, Selwyn sauti ya tatu, Idwal besi. Selwyn ni binamu yao, fundi mwashi kama baba yake, na bonde zima linamwita Selwyn Saruji. Hana mtoto aliyekubali kujifunza. Alwena hakujaliwa mtoto, Idwal hakujaliwa mke. Watatu hao wakinyamaza, wimbo umekwisha.

Mwaka huo kanisa lilifungwa kwa sababu ya paa na popo, hasa popo, ambao sheria hairuhusu kuwafukuza, maana wana haki nyingi kuliko waumini. Kasisi alipoanza kusema labda ibada iahirishwe, Alwena alisema, "Njooni kwangu." Watu wote waligeuka. Haijawahi kutokea ibada ikatoka kanisani kwenda nyumbani kwa mtu. Njiani kurudi, Idwal alimwambia, "Umefanya vizuri. Basi nitaimbia nyumbani. Ila nikwambie, dada: nikiikosa noti ya wimbo ndani ya nyumba yetu wenyewe, mbele ya watu wote wale, ndiyo mwisho. Siendi kuzeeka nikiwatia aibu."

"Hutaikosa."

"Sijaikosa bado," alisema Idwal. Akainua kola ya koti.

Hiyo ilikuwa Agosti. Septemba ilikuja barua.

Ilikuwa barua ya neema: wazee waliovuka miaka sabini, wanaoishi katika nyumba baridi, wawekewe joto chini ya sakafu, bure kabisa, mradi kazi ikamilike kabla ya mwisho wa Oktoba. Alwena aliisoma mara nne. Mwelewe: sebule ya Hendre Wen imetandikwa mabamba ya mawe meusi, kila moja kubwa kama mlango, na mabamba hayo hayajawahi kupata joto tangu Mungu alipoyaumba. Utotoni alikuwa akilala na tofali la moto lililofungwa kwa flana. Ukubwani alivaa soksi zake jozi mbili, juu yake soksi za Gethin, juu yake tena kandambili za sufu. Mwanamke huyu hakuwahi kutamani dhahabu wala kusafiri. Alitamani kukanyaga chini bila kupiga yowe.

"Mabomba ya maji moto chini, zege juu," Selwyn alimweleza, akipima sebule kwa hatua. "Unatembea peku kama malkia."

"Malkia hutembea peku?"

"Akiwa na zege langu, viatu vya nini?"

"Baba alitembea juu ya mawe haya miaka themanini," alisema Idwal kutoka kwenye kiti chake karibu na meko.

"Na tulimzika na miguu ya bluu," alijibu Alwena. "Selwyn, anza Jumatatu."

Jumatatu Selwyn alichomeka mtaimbo chini ya bamba la kwanza, mbele ya meko, akalisimamisha. Mimi, jirani yao, nilikuwa nimekuja kuazima ngazi. Bamba liliinuka likitoa pumzi ndefu, kama mtu aliyeamshwa, na chini yake hapakuwa na udongo. Palikuwa na uwazi wa kina cha mkono hadi kiwiko. Selwyn aliinama na tochi, kisha akaruka nyuma akakalia ndoo.

"Alwena! Kuna mtu humu!"

"Mtu gani?"

"Sijui! Ana uso mrefu!"

Alwena alikuja na kikombe chake mkononi, akachungulia, akanywa chai. "Huyo ni farasi, Selwyn."

"Naona sasa kuwa ni farasi!"

Walikuwa sita. Vichwa sita, mifupa mitupu, rangi ya siagi ya zamani, vimepangwa mistari miwili juu ya kokoto safi, nyuso zote zikiangalia meko, kama waliokuwa wakingoja uji. Idwal aliinuka, akasimama ukingoni, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue alivua kofia ndani ya nyumba.

"Bibi alikuwa akisema," alianza, "tusivae viatu vya misumari sebuleni. Tutawaamsha farasi."

"Nilidhani anatutisha tu," alisema Alwena.

"Na mimi."

Habari haikai bondeni hapa, inateremka na maji. Alhamisi alifika Daktari Eurgain, ambaye hatibu watu, anatibu majengo: mwanamke mfupi, mwepesi, mwenye glavu nyeupe na maneno mengi kuliko mto wakati wa mafuriko. Kafara, alisema. Ulinzi dhidi ya wachawi. Mabaki ya imani za kale, kabla ya wamisionari wa kwanza! Alipiga picha, akachora ramani, akampa kila farasi namba, akasema lazima waende mjini kupimwa kwa majuma mawili tu. Selwyn alimpa maboksi ya ndizi, maana ndiyo yaliyokuwapo.

Kisha, akifunga la mwisho, Daktari aliangalia juu. "Hii dari ya plasta ni ya lini?"

"Ya baba yangu," alisema Selwyn kwa fahari.

"Na juu yake?"

"Panya."

Aliomba kupanda. Tulipanda watatu, yeye, Selwyn na mimi mwenye ngazi, kupitia kijitundu ambacho hakuna aliyekipita tangu tangi la maji liwekwe. Nilimulika tochi, nikitazamia utando wa buibui, na wallahi ulimi wangu, ambao haujanyamaza shuleni, kanisani wala chuoni walikonifundisha usanifu wa majengo miaka miwili kabla sijawahurumia na kuondoka, ulinyamaza.

Juu ya dari ya mzee Cadwgan kulikuwa na msitu. Miti mikubwa iliyopinda ilitoka ndani ya kuta zote mbili, ikapanda gizani, ikainamiana, ikakutana kileleni kama vidole vya mtu anayesali. Jozi moja, kisha nyingine, kisha nyingine. Kila jozi ni mti mmoja, mwaloni uliokua umepinda kwa upepo wa mlima huu huu, ukapasuliwa katikati kama ganda la njegere, nusu kulia, nusu kushoto, hivi kwamba kila fundo la upande huu lina pacha wake upande ule. Hakuna msumari. Vigingi vya mti tu, na kando ya kila kiungo mikato midogo ya patasi, moja, mbili, tatu, ya seremala aliyejihesabia ili asikosee siku ya kusimamisha. Na vyote ni vyeusi, vinang'aa, kwa masizi ya moto wa kabla hakujakuwa na dohani, moshi ulipokuwa ukitafuta njia wenyewe kupitia nyasi za paa. Niligusa. Kidole kilitoka na moshi wa chakula cha jioni cha watu ambao hata majina ya makaburi yao yamekwisha kufutika.

Tulikuwa tumekula mikate, tumegombana, tumetazama mpira chini ya kitu hiki maisha yetu yote.

Daktari Eurgain alikuwa na masizi puani na machozi yaliyochora mistari miwili humo. Selwyn ndiye aliyeuliza, kwa kunong'ona.

"Hata msumari mmoja?"

"Hata mmoja."

"Imesimama muda gani?"

"Miaka mia tano, nadhani. Nitahesabu miviringo ya umri ndani ya mti."

Selwyn alitafakari. "Ukuta wa kwanza wa baba ulipasuka baada ya majira mawili," alisema. Akashuka taratibu, akishika kila kitu kana kwamba ni cha mtu mwingine.

Daktari aliahidi kuandika barua rasmi ya kusimamisha kazi. Aliandika kweli, barua nzuri ya kurasa tatu. Ilifika Jumanne. Zege lilimwagwa Jumatatu.

Nisiseme uongo: zilikuwa siku za furaha. Mabomba yalipowashwa, Alwena alivua kandambili, akavua soksi za Gethin, akavua zake, akaweka kidole gumba cha mguu chini kama mtu anayeonja maji ya mtoto. Halafu mguu mzima. Halafu akacheka, kicheko cha msichana, ambacho sijakisikia kabla wala baada. Kwa majuma matatu alizunguka peku. Alikanda mkate peku. Alipokea posta peku. Nilimkuta siku moja alasiri amelala chali katikati ya sebule, mbwa ubavuni, wote wawili mdomo wazi.

"Umeanguka?" niliuliza.

"Nimefika," alisema.

Alhamisi ya kwanza ya Novemba wakaanza mazoezi. Selwyn alikuja amenyoa. Idwal, kama kawaida yake, alivua mabuti, akasimama na soksi mbele ya meko. Sote tulijua Idwal huimba na soksi. Tulidhani ni heshima kwa sakafu ya mama yake. Alwena aligonga kile kijiuma cha chuma cha kupatia sauti, akatoa noti, wakaanza.

Hata mimi niliyekuwa nikila kipande cha mkate wa zabibu pale mlangoni nilijua pana msiba. Sebule ile, ambamo kikohozi chako kilikuwa kikikurudia kimeongezewa chumvi, ilikuwa imekufa. Sauti ya Alwena ilitoka ikaanguka miguuni pake kama shuka bichi. Ubeti wa tatu Idwal alikuwa chini kidogo. Wa tano alikuwa chini zaidi. Wa sita alikuwa peke yake katika wimbo mwingine, akiuimba kwa ujasiri.

Aliacha kuimba, akaangalia chini.

"Siisikii sakafu," alisema.

"Sakafu haiimbi, kaka."

"Ilikuwa inaimba." Na hapo ndipo alipotoboa siri yake, huku masikio yamemwiva: tangu lile sikio lilipokufa, hakuwa akiisikia noti ya dada yake kwa kichwa. Alikuwa akiipokea kwa nyayo. Alwena akitoa sauti, mabamba, yaliyolala juu ya ule uwazi wa farasi, yalimtetemekea chini ya soksi, na yeye alilifuata lile tetemeko, miaka kumi, Januari kumi, bila kumwambia mtu. Hata kanisani, alipofika akiwa ameifanyia kazi nyumbani mpaka imeingia kwenye mifupa, aliitoa mifupani.

"Labda soksi ni nene," alisema Selwyn, ambaye hakutaka kuliangalia zege lake.

Wakajaribu peku. Wakajaribu na mabuti. Selwyn akaleta mlango wa zamani, wakamsimamisha Idwal juu yake kama sanamu. Wakamsimamisha juu ya sinia la chai, na hapo Alwena akashikwa na kicheko, Selwyn akashikwa, Idwal mwenyewe akashikwa, na walipomaliza kucheka hakuna aliyekuwa na hamu ya kuanza tena. Alhamisi ya nne, Idwal alilifunga daftari, akaliweka kwenye droo, chini ya vitambaa vya meza.

"Imbeni wawili," alisema. "Mimi nitapanga viti."

Kesho yake Alwena alikaa kwenye kiti mchana kutwa, nyayo juu ya sakafu yenye joto, hafanyi kitu. Alikaa kama mtu anayemsindikiza mgeni ambaye basi lake limechelewa. Ilipofika saa tisa alivaa soksi. Kisha za Gethin. Kisha kandambili. Akachukua simu.

"Selwyn. Njoo na nyundo kubwa."

"Ya kazi gani?"

"Kuvunja."

Nilimsikia Selwyn mpaka upande wa pili wa chumba. "Alwena, hilo zege ndilo bora kuliko yote niliyomwaga maishani mwangu."

"Najua," alisema. "Ndiyo maana nimeomba nyundo kubwa."

Simu ya pili ilikwenda mjini.

"Daktari, nirudishie vichwa vyangu."

Daktari Eurgain alieleza kwamba hivyo ni ushahidi adimu wa imani za kale, vinahitaji chumba kikavu chenye hewa maalumu, na zaidi ya hayo, kisayansi, mafuvu sita hayawezi kuathiri sauti ya chumba kwa kiwango kinachopimika.

"Basi kisayansi hutavikosa," alisema Alwena.

Kisha Daktari aliuliza, kwa sauti ndogo ambayo haikuwa ya udaktari, kama kweli Idwal huimba kwa miguu. Alwena alisema njoo uone.

Alikuja mwenyewe, juma moja baada ya Noeli, na maboksi yale yale ya ndizi. Majuma matatu Selwyn alikuwa akivunja, na kila pigo alilipiga kama anayejichapa. Mabomba yalitoka. Vifusi vilijaza mashimo yote ya barabara ya shamba, ambayo sasa ndiyo barabara bora bondeni. Kokoto zilioshwa moja moja kwenye beseni. Daktari, glavu amezitupa, alipiga magoti na ramani yake: wa kwanza hapa, wa pili pale, geuza kidogo, uangalie moto.

"Huyu wa nne amefanana na mjomba wetu," alisema Selwyn.

"Mjomba alikuwa na meno mabaya zaidi," alisema Alwena.

Bamba la mwisho lilishushwa jioni ya kuamkia ibada. Idwal aliingia kutoka kwa kondoo, amelowa, akavua mabuti, akasimama pale pake. Hakuna aliyemwambia aimbe. Alipiga kisigino mara moja. Akasikiliza kwa muda, kichwa ameinamisha, kama mtu aliyepiga hodi.

"Kesho tutaona," alisema, akaenda kulala.

Walikuja saa kumi na mbili alfajiri, watu sitini, kwa mishumaa, mvua inapiga. Sebule iliwatosha nusu. Nusu nyingine ilisimama upande wa chini wa nyumba, ng'ombe walikokaa miaka mia tatu, ambako sakafu bado ina mfereji wa mkojo na pete za kufungia bado ziko ukutani. Plasta ya dari ya mzee Cadwgan, Selwyn alikuwa ameibomoa, kwa hiari yake, bila kuambiwa, na kila aliyeingia aliinama mlangoni, akasimama wima, akaangalia juu, na midomo ikafunguka. Mishumaa haikufika kileleni. Ile miti ilipanda ikaingia gizani na kuendelea, na ulihisi kwamba kama ungekuwa na mshumaa mrefu zaidi, bado ingekuwa inaendelea.

Familia ziliinuka moja moja. Ilipofika saa moja na nusu, dirisha likiwa linageuka kijivu, pakawa na kimya kirefu, na katika kimya hicho nilisikia sauti ya kamba za viatu zikifunguliwa.

Walisimama mbele ya meko, watatu. Soksi ya kushoto ya Idwal ilikuwa na tundu, kidole gumba nje. Alwena aligonga kile kijiuma, akaivuta noti, nyembamba, ya juu kabisa.

Na nyumba ikaipokea.

Sijui niseme vipi. Niliona kabla ya kusikia: niliona kile kidole gumba kikijikunja, kikishika jiwe. Kisha besi ya Idwal ikatoka, na haikutoka kifuani mwake, ilitoka chini, ilipanda kwenye miguu ya viti, kwenye magoti yetu, kwenye ukuta, ikapita ndani ya zile nusu za miti zilizotenganishwa kwa shoka kabla ya bibi wa bibi wa yeyote kuzaliwa, ikakutana juu. Selwyn Saruji aliimba macho ameyafumba. Ubeti wa kwanza, wa tano, wa kumi. Hakuna aliyeshuka hata unywele. Moto mekoni ulitulia. Mtoto aliyekuwa akilia aliacha. Daktari Eurgain, aliyekaa kwenye ukingo wa hori la ng'ombe, aliweka kiganja sakafuni, akakiacha pale mpaka ubeti wa kumi na nane, na alipokiinua alikiangalia kana kwamba amerudishiwa mkono wa mtu mwingine.

Hatupigi makofi kwenye ibada hiyo. Watatu walirudi mahali pao. Tulisikia mvua. Kwa muda ambao sikuupima hakuna familia iliyothubutu kuinuka.

Baadaye ilikuwa chai na mkate wa zabibu, na kelele za kawaida. Msichana wa miaka kumi na saba, mpwa wa mke wa Selwyn, alimwendea Idwal akamuuliza kama hilo daftari linaruhusiwa kushikwa. Idwal alimgeuzia sikio la kulia, akamfanya arudie mara mbili. Nadhani alisikia mara ya kwanza.

Ndipo Daktari Eurgain alipotoa kinasa sauti chake kidogo, akakishika mbele ya Alwena kwa mikono miwili. Watu walinyamaza. Hata mbwa.

"Bi Alwena Bebb," alisema. "Kwa ajili ya kumbukumbu, na kwa vizazi vitakavyokuja. Juu yako ni mialoni ya miaka mia tano. Chini yako ni hawa farasi. Kuta hizi zimekusikia ukizaliwa, na leo zimeimba nawe. Tuambie, tafadhali: kuishi ndani ya nyumba hii, kukoje?"

Alwena aliangalia juu, kule gizani ambako sasa palikuwa na mwanga. Aliangalia meko, akaiangalia boriti ya mlango na kile kipande chake cheusi. Aliangalia miguu yake, soksi jozi tatu na kandambili. Idwal aliweka kikombe chini.

"Baridi," alisema.